Orodha ya Ashrafi za Umm Nasir

Mnanijia Ijumaa baada ya chakula, mmoja na simu mkononi, mwingine na sarafu aliyoizungushia tishu, na swali lenu wote ni moja: "Bi Zuwena, hii ya kweli?" Nikiuliza mmeipata wapi, mnasema mtandaoni. Nikiuliza kwa nini mmeinunua, mnasema iliandikwa kuwa ni adimu. Basi leo sitazami sarafu ya mtu. Leo mtanisikiliza mimi, kisha kila mmoja akaitazame ya kwake.

Kazi yangu ilikuwa kutambua sarafu za zamani za Kiingereza: ni ya mwaka gani, ilipigwa kiwanda gani, imechakaa kiasi gani. Niliifanya hapa Jeddah, na mara nyingi Riyadh, kwa zaidi ya miaka thelathini. Nimeiacha mwaka juzi. Watu hushangaa kusikia mwanamke alikuwa na kazi kama hiyo katika nchi hii, lakini sababu yake ni nyepesi. Dhahabu ya Kiingereza ya hapa ilikaa kwenye masanduku ya wanawake. Zipo za Malkia Victoria, na nyingi zaidi ni za Mfalme George wa Tano, ambazo wenyeji mpaka leo wanaziita jineh Joji. Sisi watu wa Unguja tunaziita ashrafi. Ziliingia kwa mahari na kwa urithi, zikashonwa kwenye mikufu, zikalazwa mabatini. Mume akifa, mwenye ufunguo ni mjane, na mjane aliye edani hapokei mwanamume wa kando. Ami Saidi alikuwa na duka la sarafu na vitu vya kale hapa mtaa wa Baghdadiyah, na kosa lake lilikuwa hilo, alikuwa mwanamume.

Hakuwa ami yangu wa damu. Alitoka Unguja wakati mmoja na wazee wangu, mimi nikiwa nabebwa. Kule aliwahi kukaa dirishani kwenye benki, akishika fedha za Kiingereza kutwa nzima, na vidole vyake vilizijua kuliko macho. Mimi nilikuwa nashona mabuibui kwenye chumba cha nyuma ya duka lake. Siku moja akaja na peni mbili za shaba akaziweka juu ya kitambaa changu.

"Zuwena, wewe si unaona mshono uliopinda hata kwa mbali? Hebu nitazamie hizi. Zina tofauti gani?"

Zote mbili zilikuwa za mwaka 1902. Upande mmoja kichwa cha mfalme, upande wa pili mwanamke amekaa na ngao na mkuki wa meno matatu, nyuma yake bahari. Nilizitazama mpaka chai yangu ikapoa.

"Ami, kwenye hii bahari iko juu. Kwenye hii imeshuka chini ya magoti."

Akacheka sana. "Hiyo ya chini ni maji kupwa. Hiyo nyingine maji kujaa. Mwaka ule walibadilisha chapa. Za maji kujaa utazichota kwa kikombe. Ya maji kupwa ndiyo watu wanaisaka."

Nilidhani ananitania. Baadaye nikajua kuwa hata Waingereza wenyewe wanaiita hivyo hivyo. Kuanzia siku hiyo cherehani alipewa mtu mwingine.

Wiki ya tatu nikafanya kosa langu la kwanza, na liko hai mpaka leo. Ami Saidi alikwenda kuswali Alasiri, akaniachia ile peni ya maji kupwa. Ilikuwa na rangi ya kahawia iliyokolea, kama kahawa bila maziwa. Nikaiona chafu. Mama yangu alikuwa akisafisha madele yake ya kahawa, ya shaba, kwa ukwaju, yakang'aa ukajiona uso. Basi nikaloweka ukwaju, nikaisugua ile peni vizuri, mbele na nyuma. Aliporudi nikamwonyesha kwa furaha. Ilikuwa ya waridi kama ufizi wa mtoto.

Alikaa chini. "Umeiosha?"

"Nimeiosha, Ami."

"Na mimi nywele zangu zimekuwa nyeupe. Utanisugua kwa ukwaju nirudi kijana?"

Aliitia kwenye bahasha ndogo, akaandika juu yake jina langu, akaitia kwenye mtoto wa meza yangu. Rangi ile, wanangu, ilichukua karibu miaka mia kujengeka, na mimi niliiondoa baina ya adhana na salamu. Sarafu ya zamani haioshwi. Si kwa ukwaju, si kwa ndimu, si kwa dawa ya meno. Aliyekuuzia inayong'aa kama kijiko kipya, muulize aliisugua na nini.

Mambo mengine ya kazi nitayasema kwa mkato, maana najua mnayaandika kwenye simu na hamtayasoma. Shika sarafu kwa ukingo, juu ya kitambaa, umekaa. Niliwahi kuishika nimesimama, ikaanguka kwenye marumaru ya nyumba ya watu, na mlio wake bado ninao masikioni. Usiitazame kwa taa ya juu ya kichwa. Weka mwanga ubavuni, upite juu ya uso wake kama jua la asubuhi, hapo kila mkwaruzo utasimama wenyewe. Kisha tazama mahali palipoinuka zaidi, kwa sababu hapo ndipo vidole na mifuko huanza kula: nywele za malkia juu ya sikio, ndevu za mfalme, na upande wa nyuma, paja la mpanda farasi anayelichoma joka. Pakiwa bapa, usikimbilie kusema imechakaa. Huenda ilipigwa hafifu tangu kiwandani. Palipochakaa huwa laini na pana rangi tofauti na pengine. Palipopigwa hafifu huwa bapa lakini ngozi yake ni ile ile. Jambo hili lilinichukua miaka miwili kulijua, na bado nilikuwa nakosea.

Ami Saidi alipofariki, duka likashikwa na mwanawe, Hilal. Hilal ni mtu mzuri, anapenda mambo nadhifu. Akanunua kompyuta, akaajiri karani, akasema kuanzia sasa kila familia itapewa orodha iliyopigwa chapa, yenye muhuri wa duka. Kabla ya hapo nilikuwa naandika kwenye daftari kwa penseli, na mteja anapewa karatasi ya mkono. Orodha za Hilal zilipendeza. Watu walizitia fremu.

Hapo ndipo linapoingia jambo nililotaka kuwaambia.

Tuliitwa Riyadh, nyumba moja ya zamani mtaa wa Murabba, kwa mama mtu mzima aliyeitwa Umm Nasir. Alikuwa hatoki kitandani tena, lakini akili yake ilikuwa kali. Alikuwa na sarafu arobaini na moja kwenye bati la biskuti, na alitaka ziandikwe moja moja akiwa hai, ili wanawe wawili, Nasir na Hessa, wasije wakagombana. Bati lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa msichana wa kazi. Nilipomwona nikajua ni wa kwetu upande ule, nikamsalimia kwa Kiswahili. Nusura amwage kahawa.

"Ai! Mum, wewe ni Mswahili? Umetoka Mombasa?"

"Unguja."

"Ndio maana. Hiyo Swahili yako ni ya redio."

Jina lake Mwende, Mkamba wa Kitui. Alikuwa amemlea yule mama miaka minne, akimlisha, akimgeuza ubavu, akimpaka mafuta miguuni. Umm Nasir aliniambia mbele yake, kwa Kiarabu: "Huyu ndiye anayejua viungo vyangu vyote. Atashindwaje kushika ufunguo?"

Nilifanya kazi siku mbili kando ya kitanda. Chumba kilikuwa na dirisha moja, na pazia lilifungwa kwa sababu mwanga ulimwumiza mgonjwa macho. Sarafu ya kumi na saba ilikuwa ashrafi ya Victoria akiwa kijana, ile ambayo nyuma yake haina farasi bali ina ngao iliyozungukwa na shada la majani. Hapo chini ya shada, kabla ya maua madogo, ndipo penye siri. Zilizopigwa Australia zina herufi ndogo mahali hapo: S ikiwa ni ya Sydney, M ikiwa ni ya Melbourne. Zilizopigwa London hazina herufi, lakini kuna miaka ambayo London walitia tarakimu, namba ya muhuri wa chuma uliotumika kupigia. Herufi na tarakimu zinakaa pale pale, na zote ni ndogo kama chembe ya sukari. Niliitazama, nikaandika S, nikaenda kwenye ya kumi na nane.

Orodha ikapigwa chapa, ikapelekwa. Umm Nasir akaishi miaka mitatu mingine, kisha akafariki.

Hilal akanipigia simu asubuhi moja mapema, sauti yake si ya kawaida. Nasir alimleta mtaalamu wa pale pale Riyadh, mwenye mashine na kamera, akalinganisha sarafu na orodha yetu. Arobaini zilikuwa sawa. Ya kumi na saba haikuwa sawa. Orodha inasema Sydney, sarafu iliyomo ni ya London.

"Wanasema msichana wa kazi kaibadilisha," Hilal alisema. "Ndiye aliyekuwa na ufunguo. Wanasema kaiuza ya asili sokoni Batha, akaweka nyingine ya bei ndogo inayofanana."

"Mwende?"

"Sijui jina lake. Wamemchukulia simu. Ikama yake ya ukaazi na pasi anazo kafili aliyemdhamini, na kafili ndiye huyo huyo Nasir. Leo baada ya Alasiri wanampeleka polisi. Wanataka uende uthibitishe orodha."

Kisha akasema: "Bi Zuwena, sikiliza. Nenda, useme orodha ilikuwa sahihi siku ulipoiandika. Basi. Usiongeze neno. Yaliyotokea baadaye ndani ya nyumba yao hayatuhusu."

Nilichukua daftari la mwaka ule, lile la penseli, nikapanda ndege ya asubuhi ile ile. Tulipokwisha kuruka nikalifungua. Namba kumi na saba ilikuwa juu ya ukurasa wa kushoto. Nilikuwa nimeichora sarafu yenyewe, duara, na juu ya kichwa cha malkia nikatia alama ya kovu ukingoni, mahali palipowahi kuunganishwa pete ya mkufu na kung'olewa. Chini ya duara niliandika kwa mkono wangu: S, kisha mstari, kisha 5, kisha alama ya kuuliza.

Nikakumbuka yote. Nilikuwa nimekaa na karani, namsomea, yeye anapiga. Tulipofika hapo akainama kwenye daftari akauliza, "Na hii alama ya kuuliza niiweke?" Nikamwambia, "Iache. Mteja hakulipia maswali. Andika S."

Orodha yenye alama ya kuuliza haipendezi. Hiyo ndiyo sababu. Ningependa kuwaambia kulikuwa na sababu nyingine kubwa zaidi, haipo.

Nilifika Murabba kabla ya Adhuhuri. Mwende alikuwa amekaa sakafuni penye mlango wa jikoni, begi lake limefungwa kando yake. Alikuwa amekonda. Aliponiona alisimama.

"Mum, waambie. Mimi hata hiyo S sijui ni ya nini. Susu, mama yao mzee, ndiye alikuwa anafungua, mimi nashika tu hiyo box."

"Kaa," Nasir alimwambia kwa Kiarabu. Alikuwa mwanamume wa makamo, mchovu, ndevu hajazichana. Mama yake alikuwa na siku kumi na tano kaburini. Dada yake Hessa alikaa kwenye kochi, orodha yetu iliyo na muhuri iko mapajani mwake.

Nikaomba sarafu. Nikaomba pia pazia lifunguliwe, na kwa mara ya kwanza nikaona chumba kile kwa jua. Niliigeuza upande wa kichwa kwanza. Kovu lilikuwepo, juu ya kichwa, kidogo upande wa kulia, kama nilivyolichora. Nikaigeuza nyuma, nikaweka kioo cha kukuzia. Chini ya shada palikuwa na kitu kidogo kilichochakaa, na wallahi bado macho yangu yalikiona S.

Hapo nilikuwa na njia ile ya Hilal, iko wazi, imefagiliwa. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa na daftari. Kovu halikuandikwa kwenye orodha ya chapa, kwa sababu Hilal alisema makovu yanashusha moyo wa mteja. Ningesema sentensi moja, nikanywa kahawa, nikarudi Jeddah na jina langu mkononi. Niliitazama ile sentensi kwa muda. Sitawaambia nilikuwa na ujasiri. Nilikuwa na hesabu ya orodha zote nilizowahi kuzitia muhuri, na kila moja ilikuwa inanitazama.

"Sarafu ni ile ile," nikasema.

Nasir akanyanyua uso. "Ipi?"

"Hii hapa ndiyo niliyoitazama siku ile. Haikubadilishwa. Kovu hili nililichora kwenye daftari langu." Nikalifungua mbele yao. "Na hii ni alama ya kuuliza. Nilikuwa na shaka kama ni S au ni tano. Kwenye orodha niliiondoa shaka, nikaacha S. Mtaalamu wenu kasema kweli. Mkosa ni mimi."

Nasir alilichukua daftari akalisogeza karibu na uso.

"Unasema hivi kwa sababu ni mtu wa lugha yako."

"Kovu halina lugha, mwanangu. Litie kioo."

Akalitia. Akalinganisha na mchoro. Nikaona shingo yake inabadilika rangi.

"Kwa hiyo ulitudanganya."

"Sikudanganya. Nilikuwa sijui, nikaandika kama najua."

"Na hizo nyingine arobaini?"

"Mtaalamu wako kasema ziko sawa. Lakini usinisadiki mimi tena, msadiki yeye."

Hessa alinyanyuka, akachukua sarafu na kioo kutoka mikononi mwa kaka yake, akaenda mpaka mlango wa jikoni, akachutama mbele ya Mwende. "Taali, njoo," akamwambia. "Tazama. Wewe ndiye umeteseka kwa ajili yake, na hujawahi hata kuiona."

Mwende aliniangalia kwanza, kama anaomba ruhusa. Kisha akajifuta mikono kwenye gauni, akaishika kwa ukingo, kama alivyoniona mimi nikishika siku zile mbili, akaweka jicho.

"Hii ni five," akasema.

Akaitazama tena. "Mum, si ni five? Mbona iko wazi tu?"

Alinirudishia kioo, si sarafu. Sarafu alimpa Hessa. "Siku tatu nimekaa hapa chini," akaniambia kwa Kiswahili, taratibu, bila hasira ya kupayuka. "Siku tatu, mum. Kwa sababu hukuona five."

Nilimwomba radhi. Alisema amesikia.

Nasir hakuomba radhi, alitoka akaenda msikitini. Hessa aliomba. Alimrudishia simu yake saa ile ile, akaleta pasi na ikama kutoka chumba cha kaka yake, akamwambia akitaka kubaki atabaki kwake, nyumba mbali na hii. Mwende alitikisa kichwa. "Halas, madam, imetosha. Nataka nyumbani." Wiki ile ile Hessa alimkatia tikiti na kumpeleka uwanjani kwa gari lake mwenyewe. Mwende yuko Kitui sasa, ana duka la vitambaa. Krismasi huniletea salamu, na Idi zote mbili. Kama amenisamehe hajasema, nami sijamuuliza.

Hilal alikasirika. Alisema nimelivunja duka la baba yake kwa herufi moja. Nilimwambia ni tarakimu. Hilo halikusaidia. Lakini alipopoa nilimwomba jambo moja, naye kwa haki yake alilikubali: niende kwa kila familia niliyowahi kuiandikia, na daftari langu la penseli, nizitazame upya sarafu zote ambazo nilitia alama ya kuuliza na kuiondoa.

Kwanza nilikwenda Sharafiya kupima macho. Fundi wa miwani, Mhindi mmoja kijana, aliniwekea bango la herufi ukutani, nikasoma mstari wa juu na kubahatisha iliyobaki, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Akauliza nafanya kazi gani. Nikamwambia, natazama vitu vidogo sana. Alicheka mpaka akavua miwani yake yeye.

Kazi ile ya kurudia ilichukua karibu mwaka, Jeddah yote na safari tano za Riyadh. Nitawaambia kilichonishangaza. Makosa yalikuwa machache kuliko nilivyoogopa, na karibu kila moja lilikuwa mahali pale pale nilipokuwa nimetia alama ya kuuliza. Mkono wangu ulijua. Mdomo ndio ulioandikisha vingine. Familia nyingi hazikukasirika. Wengine walitoa orodha kwenye fremu, wakafuta herufi, wakaandika nyingine, wakairudisha ukutani. Wawili walinifukuza, na walikuwa na haki.

Kwa hiyo, wanangu, mnaponiletea sarafu Ijumaa na mimi nikasema sijui, msiondoke mkicheka kwamba bibi amezeeka. Neno hilo limenigharimu kulijifunza. Simu zenu zina kamera nzuri kuliko kioo changu chochote. Mnapiga picha, mnaituma, na mtu wa mbali msiyemjua anawajibu kwa dakika moja, bila alama ya kuuliza hata moja. Mimi huyo ndiye ninayemwogopa.

Nyumba ya mwisho kwenye orodha yangu ilikuwa hapa hapa Baghdadiyah, mtaa wa nyuma, kwa mjane wa sonara, mama wa Kihijazi mwenye umri kunizidi. Alikuwa na jineh Joji moja tu, kwenye kisanduku chenye mahameli. Miaka mingi nyuma niliitazama na kuisifu mno. Nilimwambia mpanda farasi yule ametoka safi, nikamwandikia kuwa haijachakaa. Kwenye daftari nilikuwa nimetia alama ya kuuliza mbele ya neno moja: herufi. Sasa nikaitazama na miwani mipya. Uzito ulikuwa sawa, dhahabu ilikuwa kamili. Lakini herufi zilikuwa nene kidogo, kama zimelowa maji, na meno ya ukingo hayakwenda mwendo mmoja. Ilikuwa ya kuigiza. Nikakaa pale natafuta namna ya kumwambia mama wa watu.

"Bibie," nikaanza, "kuhusu hii sarafu, nadhani siku ile nilikosea."

"Ulikosea," akasema, akinimiminia kahawa. "Hiyo aliitengeneza marehemu mume wangu, kwenye meza ile pale. Ilimchukua mwezi mzima."

"Na hukuniambia?"

"Ulikuwa unaisifu vizuri sana, Zuwena. Naye alikuwa hai bado, amekaa chumba cha pili, anasikia."

Nikatoa kalamu, nikafuta. Nikaandika: si ya kiwandani. Kisha, kwa haki ya marehemu, nikaongeza chini yake: kazi nzuri.